Theluthi ya Sekunde

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Wembe auawe, na mimi nilikuwa nimeinamia saa ya mkononi ya mwalimu mkuu, lenzi jichoni, kibano mkononi, nikihangaika na skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Sikumsikia akiingia. Nilichosikia ni kikohozi cha baba yangu, kile alichokiweka akiba kwa watu asiotaka kuwaona dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba akaitikia shingo upande.

Skrubu ikaniponyoka. Niliinua kichwa kabla sijavua lenzi, kwa hiyo jicho moja lilimwona Wembe mzima ndani ya sare ya jeshi, na jingine likaona ukungu wa kijani tu.

"Fundi," akaniambia, "umepungua."

"Aliyepungua ni wewe."

"Mimi nimepunguzwa. Wamenikalisha kwa kinyozi wa jeshi. Hebu tazama." Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeliwa upande mmoja, na nyuma ya sikio kulikuwa na kishungi kilichosahauliwa. "Nilimwambia na mimi ni kinyozi. Akaniambia basi jinyoe."

Nilicheka. Wiki saba sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemwombea kila siku, na sehemu kubwa ya maombi yangu ilikuwa kushukuru, maana niliamini yuko salama na niliamini nimemwokoa mimi. Hilo hakuna aliyelijua.

Duka lake lilitazamana na letu, barabara tu ikitutenga. Kioo chake kikubwa kilielekea mlangoni, na mlango wake ulielekea dirisha letu, pale nilipokaa kutengeneza saa. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kidevu cha mteja alinikuta mimi ndani ya kioo. Miaka miwili tulitazamana hivyo. Kuna wateja waliotoka pale na sharubu upande mmoja ndefu, upande mwingine fupi, na siku hizo nilijua ni kwa sababu yangu na nilijisikia vizuri mno.

Baba hakumtaka. Hakuwa na neno baya juu ya tabia yake; alichoshindwa kumeza ni zile mbio. "Mtu mzima anakimbia na hakuna anayemfukuza," alikuwa akisema. Na kweli, Wembe hakupata hata senti kwa kukimbia. Alifunga duka saa kumi jioni, akavuka uwanja wa shule akiwa na nywele za watu bado mabegani, akavua viatu vya kazi na kukimbia mita mia mbili, mara nane, mara kumi, mpaka walinzi wa shule wamfukuze. Hakuwa na kocha. Alijifunza kuingia kwenye kona kwa kutazama pikipiki zinavyolala zikikata kona barabarani. Siku za mashindano mtaa mzima ulifunga maduka kwenda kumtazama, isipokuwa duka la saa, na hata hapo baba alinituma mimi, eti klabu ya riadha ya mtaa inahitaji mpima muda anayejua kazi.

Ndivyo nilivyokuwa mpima muda wa klabu. Na ndivyo nilivyofanya nilichofanya.

"Una siku ngapi?" nikamuuliza.

"Siku? Nina masaa. Basi la kurudi linaondoka saa kumi na moja." Akaegemea meza, macho yakimeta. "Nimekuja kukuambia mwenyewe. Nimechaguliwa."

"Najua umechaguliwa. Uko kwenye timu ya riadha, makao makuu. Uliniandikia."

"Timu imevunjwa wiki iliyopita."

Baba alikuwa akitia ufunguo saa ya ukutani, mgongo akitupa. Nilisikia mkono wake ukipunguza mwendo.

"Imevunjwa vipi?"

"Watu wanahitajika mbele, fundi, nani atakaa kutazama watu wanaruka viunzi? Lakini sikiliza. Kapteni mmoja akaja na ile karatasi yenye muda wetu. Kuna mahali huko, kati ya handaki la kwanza na la pili. Uwanda mtupu, hakuna hata kichaka. Mita mia mbili, labda na kidogo. Waya wa simu wanaulaza asubuhi, adhuhuri umeshakatika kwa mabomu. Kwa hiyo ujumbe unapelekwa kwa miguu. Anataka watu wawili wenye kasi, wawili tu. Akasoma kutoka juu. Mimi ni wa pili." Akacheka kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Wa tatu ana ishirini na mbili kamili. Nimempita kwa nukta moja."

Nilishika ukingo wa meza. Dukani kwetu kulikuwa na saa arobaini na kitu, na kwa kawaida sizisikii kabisa, kama mtu asivyosikia pumzi zake. Wakati huo nilizisikia zote.

"Usiende," nikasema.

"Hili ni jeshi, fundi, si harusi. Hawakuulizi kama utahudhuria."

"Waambie unaumwa mguu."

"Mguu gani? Wamenikagua mpaka meno." Alinitazama vizuri, kicheko kikapungua. "Una nini? Nilidhani utafurahi. Nilikuwa naogopa wataniweka jikoni nimenye viazi. Sasa naenda kufanya kitu ninachokijua. Mita mia mbili, fundi. Nani anazijua kuliko mimi?"

"Wanapiga risasi kwenye huo uwanda?"

"Wanapiga," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba lazima nimwambie. Nilivua lenzi, nikaiweka mezani, nikaichukua tena, nikaiweka. Baba akageuka.

"Wembe, ule muda si wako."

"Muda gani?"

"Ishirini na moja nukta tisa. Haukuwa huo. Siku ile ya majaribio ya timu ya jeshi nilifuata mlio wa bastola."

Mtu mwingine yeyote angeniuliza maana yake nini. Yeye hakuuliza, maana kila mkimbiaji analijua hilo. Katika mita mia mbili mwanzishaji yuko upande wa pili wa uwanja, mbali na mstari wa kumalizia. Anayepima muda anatazama moshi wa bastola, anabonyeza saa pale pale moshi unapotoka. Akingoja kusikia mlio, amechelewa, kwa sababu sauti inasafiri polepole kuliko mwanga, na mkimbiaji anaandikiwa muda mfupi kuliko aliotumia. Kwa uwanja wetu ilikuwa kama theluthi ya sekunde. Ni kosa la mtu aliyepewa saa kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika saa kwa miaka miwili.

"Sema tena," akasema.

"Niliona moshi, nikangoja mlio. Jeshi lilikuwa limesema atakayekimbia ishirini na mbili au chini yake, akiitwa atabaki makao makuu na timu. Nilijua utakimbia ishirini na mbili na kidogo. Siku zote unakimbia hivyo. Nilitaka ubaki."

"Kwa hiyo ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na mbili nukta mbili."

Alivuta kiti cha wateja akaketi. Alivaa kofia yake, akaivua, akaitazama ndani kama anayetafuta jina lake. Baba alikuwa amesimama na ufunguo wa saa mkononi na hakukohoa.

"Walinibeba mabegani," Wembe akasema taratibu. "Muuza magazeti alinibeba. Mama yangu aliandika ile namba kwa chaki mlangoni, hajaifuta mpaka leo."

"Nisamehe."

"Unajua kule wanatufanya nini? Wanatulaza kwenye matope, wanatutukania wazazi, usiku hatulali. Na mimi kila siku najiambia, sawa, lakini wewe ni ishirini na moja nukta tisa. Hicho hawawezi kukuvua. Wiki saba, fundi. Kumbe nilikuwa najipa moyo kwa kitu ulichonitungia wewe."

"Nilikutungia kwa sababu nakupenda."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo, na sasa nilikuwa nimelitamka mbele ya baba, kwenye ugomvi, kama mtu anayejitetea mahakamani. Wembe alifumba macho. Niliona limemfikia na niliona limemuuma.

"Ungeniuliza," akasema. "Ungeniambia, Wembe, nitakuibia kidogo ili usiende. Ningekataa, lakini ungekuwa umeniuliza."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Ilibaki kidogo acheke. Nilitumia nafasi hiyo, nikazunguka meza nikamkaribia. "Bado hatujachelewa. Nenda kwa kapteni, mwambie mpima muda alikosea. Nitaandika barua sasa hivi, nitatia saini, waniadhibu wanavyotaka. Atakufuta, atamchukua yule wa tatu."

"Yule wa tatu ana mtoto wa miezi minne. Amenionyesha picha mpaka nimeichoka."

"Mimi simjui yule wa tatu." Ni aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyosema na ndivyo nilivyohisi.

"Mimi namjua. Analala kitanda cha juu yangu." Akasimama, akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la saa, hatua nne kwenda na nne kurudi. "Ngoja nifikiri. Kama ana kasi kuliko mimi, ni yeye anayetakiwa kwenda. Nikienda mimi kwa uongo, ujumbe unachelewa, na upande wa pili kuna watu wanausubiri. Lakini kama mimi ndiye mwenye kasi, siwezi kumsukumia mwenzangu kwa sababu tu mchumba wangu analia." Alisema mchumba wangu bila yeye mwenyewe kutambua. Mimi na baba tulimsikia. Akageuka, akanitazama usoni. "Nipime."

"Lini?"

"Sasa. Ikiwa ishirini na mbili au zaidi, nakuapia, nikishuka kwenye basi naenda moja kwa moja kwa kapteni anifute. Ikiwa chini, naenda, na wewe hunililii."

Alitupa jicho ukutani. Saa zote zilisema saa tisa na dakika kumi. "Angalau humu hakuna atakayebisha saa ngapi," akasema.

"Utakimbiaje na nani atakuanzishia?" nikamuuliza. "Bastola anayo katibu, na katibu amesafiri."

Baba aliweka ufunguo mezani, akafungua kamba za aproni yake. Nilidhani anataka kumfukuza.

"Bastola ndiyo iliyotufikisha hapa," baba akasema. "Tutatumia kitambaa. Nitakiangusha mimi. Kitambaa hakina mlio."

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, wanafunzi wameshaenda nyumbani, na mistari ya chokaa ilikuwa bado inaonekana. Wembe alikuwa amepita dukani kwake akachukua viatu vyake vya misumari na kile kitambaa cheupe cha kufunika wateja. Baba alikitwaa, akakikunja mkononi, akavuka nyasi kwenda mwanzo wa mbio bila kunitazama. Nilikuwa sijawahi kumwona uwanjani. Alitembea kwa tahadhari, akiruka mistari kama anayeogopa kuikanyaga.

Wembe alijinyoosha, akaruka ruka, akapiga mapaja makofi. Alipomaliza alikuja mpaka nilipo kwenye mstari wa kumalizia.

"Usinipe zawadi," akasema.

"Sikupi."

"Hata ukiona nakufa kwenye kona."

"Usiseme hivyo."

Alinigusa kidevu kwa kidole gumba, jinsi vinyozi wanavyomgeuza mteja kwenye mwanga, akanitazama kitambo. Halafu akaondoka. Nilimtazama akipungua kwenda upande wa pili, mpaka akawa mtu mdogo karibu na mtu mwingine mdogo, na mmoja wao alikuwa baba yangu.

Nilimwomba Mungu ajikwae. Nitasema yote, maana hakuna faida ya kuficha nusu. Niliomba mguu uteleze, niliomba upepo umpige kifuani, niliomba zile wiki saba za matope ziwe zimemmaliza. Nilikuwa nimempenda mtu kwa sababu anakimbia, na nilisimama pale nikimwombea ashindwe kukimbia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na jasho likinitiririka mgongoni.

Kitambaa kiliinuka. Kilikaa juu muda mrefu, mrefu kuliko inavyotakiwa, na nikajua mkono wa baba nao unasita. Kisha kikaanguka.

Nilibonyeza pale pale.

Alitoka chini, kichwa kimeinama, na aliingia kwenye kona akiwa ameulaza mwili kama zile pikipiki zake. Nilikuwa nimemwona akikimbia mara mia, nikadhani namjua. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia hivi. Siku zote alikuwa na kitu cha kuwafurahisha watu, kichwa kilichoinuka kidogo, tabasamu la mita za mwisho. Siku hiyo hapakuwa na watu. Alikuja moja kwa moja, uso umetulia, miguu haipigi kelele, na nilipomwona ametoka kwenye kona bila kupunguza nilianza kulia kabla hajafika. Alipita mstari. Nikabonyeza.

Alienda mbele mpaka kwenye ukuta wa choo cha shule, akarudi ameshika kiuno. Nilikuwa nimeshaitazama saa. Ilisema ishirini na moja nukta nane. Niliitikisa, niliipeleka sikioni, nikaitazama tena. Ilikuwa saa nzuri, nilikuwa nimeisafisha mwenyewe.

Aliinama mbele yangu, mikono magotini, akihema. Baba alikuwa bado mbali, anakuja polepole, kitambaa kikiburuzika kwenye nyasi.

"Usinionyeshe," Wembe akasema akitazama chini. "Niambie tu. Ngapi?"

Nilihitaji maneno matano tu. Ishirini na mbili nukta moja. Angevuta pumzi, angesikitika, angeudhika na mimi labda kwa mwaka mzima, na angeshuka kwenye basi akaenda kwa kapteni kama alivyoapa. Angerudi kumenya viazi. Angerudi kwenye kioo chake. Nilibonyeza kitufe kidogo kando ya saa, mshale ukarudi kwenye sifuri, kwa hiyo sasa hapakuwa na ushahidi wowote duniani ila kichwa changu.

Akainua uso. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mashaka machoni pake, maana nilistahili, na kama ningeyakuta naamini ningemdanganya bila kupepesa. Sikuyakuta. Alikuwa ananisubiri kama alivyonisubiri siku zote kwenye mstari ule, kama mtu ambaye hajawahi kudanganywa na mimi.

"Ishirini na moja nukta nane," nikasema.

Aliketi kwenye nyasi. Alicheka, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika, na nilipochuchumaa mbele yake nikaona hacheki tena. "Ni yangu hii," alikuwa akisema. "Hii ni yangu, fundi." Nilimshika kichwa kile kilichonyolewa vibaya nikakiweka begani kwangu, na baba akafika akasimama hapo hapo na hakukohoa.

Wembe alijipangusa, akasimama wima mbele yake. "Mzee, nikirudi nitakuja nyumbani kwako na wazee wangu."

"Njoo," baba akasema. Kisha, kwa sababu neno lilikuwa fupi mno, akaongeza: "Uje mapema. Tukae tuzungumze."

Tulimsindikiza mpaka kwenye basi. Alikaa dirishani, akaniambia nimwambie mama yake abadilishe ile namba ya mlangoni, nikamwambia nitaibadilisha mwenyewe. Tulishikana mikono kupitia dirisha mpaka basi likaanza kutembea, nikatembea nalo, nikakimbia kidogo, kisha nikaachia. Alivuka ule uwanda mara kumi na tisa. Ya ishirini hakufika. Hayo niliambiwa baadaye na yule wa kitanda cha juu, aliyekuja kutuona na picha ya mtoto mfukoni. Aliniambia pia kwamba kambini kila mtu aliijua namba ile mpya, Wembe aliwachosha nayo.

Lakini jioni ile nilikuwa sijui, nilikuwa naogopa tu. Baba na mimi tulirudi kwa miguu, kile kitambaa amekikunja kwapani. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumrudishia mteja saa inayokosea hata dakika moja kwa wiki. Aliwahi kumfukuza fundi msaidizi kwa kusema saa imesafishwa wakati haijafunguliwa. Tulipofika kona ya duka akanigeukia.

"Ilikuwa kweli?" akauliza. "Nukta nane?"

"Kweli, baba."

Alitembea hatua kadhaa.

"Ungenipa mimi nishike saa," akasema. "Mimi ningemwambia ishirini na mbili na kidogo."

Njia nzima nilikuwa nikiwaza hilo hilo.